Kipanya cha Laki na Ishirini

Waya wangu umeliwa na panya. Sisemi kwa mafumbo. Panya buku wa Buguruni, yule ambaye paka wa jirani akimwona anampisha njia, aliingia chini ya meza usiku wa Jumatatu akautafuna waya wa kipanya cha kompyuta, akaniachia kipande kinaning'inia kama mkia. Panya kamla kipanya. Ukoo mmoja huo, sijui walikosania nini.

Nikasema safari hii nanunua kisicho na waya. Tena cha gemu, maana usiku watoto wakilala mimi nacheza Counter-Strike. Nina miaka 41, ndiyo. Wenzangu wanakwenda baa.

Ijumaa nikashuka Kariakoo. Dogo wa dukani hata salamu hajaimaliza: "Mkubwa, chuma hiki hapa. DPI elfu 26, taa rangi saba!" Akakiwasha, kikawaka kama ukumbi wa sendofu. Nikamuuliza hizo DPI elfu 26 ni za kazi gani. "Zinaongeza spidi, bosi." Hesabu nilipata D, lakini kugawanya najua. Kioo changu kina nukta 1,920 kwa upana. DPI ni nukta ambazo mshale unasogea kwa kila inchi ya mkono; kwa hizo elfu 26, nikisogeza mkono inchi moja tu, mshale umevuka kioo mara 13. Sasa nikipiga chafya je, si nitajikuta Morogoro? Hata hao wanaocheza kwa mashindano, wengi wao wanaweka kati ya 400 na 1,600 basi.

Akaleta kingine, kimetobolewa matundu mgongo mzima kama kung'uto la tui. "Hiki wamekipunguza uzito, mkubwa." Akakiangalia kipanya, akaangalia kitambi changu. Tukaelewana, akakirudisha. Halafu yale matundu, na chipsi ninazokula huku nacheza, ndani ya mwezi kingekuwa na chipsi zake humo.

Cha tatu kilikuwa cha blututhi, bei ya kirafiki. Hapo ndipo niliposimama kidete. Vipanya vingi vya blututhi vinaipa kompyuta taarifa kama mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Vile vya gemu, vyenye kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, vinaripoti mara 1,000. Cha kwanza ni mjumbe wa mtaa, cha pili ni jirani mmbea: mkono haujatulia, habari imeshafika. Nikabishana na dogo nusu saa nzima kugombea milisekunde 7. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka kwamba bando langu lenyewe linachelewa milisekunde 180. Ni kama mtu anayemkimbilia bodaboda asichelewe kwenda kukaa kwenye foleni.

Lakini nilishanunua. Logitech G305, gramu 99 na betri yake ndani. Laki na ishirini.

Nyumbani kosa langu lilikuwa moja tu, kusema ukweli. "Mama Neema, nimenunua kipanya."

Akainua uso kutoka kwenye mchicha. "Kipanya? Shilingi ngapi?"

"Laki na ishirini."

"Laki na ishirini ndiyo unaanzia, au umemaliza? Kinabeba abiria wangapi?" Akacheka hadi akakaa chini, kisha akachukua simu ampigie mama yangu Muheza wacheke wote.

Mimi nikafungua boksi. Ndani, ndugu zangu, kuna waya. Nimekimbia waya nimefuatwa na waya! Kumbe ule ni wa kurefushia kile kidude kisogee karibu na mkono. Nikaupuuza, nikakichomeka kidude nyuma ya kompyuta, pembeni ya hadidiski ya nje. Mshale ukaanza kurukaruka kama umekanyaga kaa la moto. Kumbe USB 3.0, ile ya hadidiski, ikifanya kazi inatoa kelele kwenye masafa yale yale ya redio, gigahezi 2.4, ambayo kipanya kinaongelea. Ikabidi niutandaze ule waya mezani. Usiku nikasikia chini ya meza kuna mtu anakwaruza taratibu, ana subira zake.

Betri nayo. Kinatumia AA moja, na watengenezaji wanasema inafika hadi saa 250. Hawajaishi na mama Neema. Siku ya tatu nakiwasha, kimya. Nafungua mgongo, tupu. Nainua macho: saa ya ukutani, iliyolala tangu Idi, inatembea tiki tiki kwa afya zote. Nikangoja alale, nikapanda kwenye stuli, nikarudisha mali yangu.

Asubuhi saa ya ukutani inasema ni saa tano na dakika ishirini, Neema kaachwa na gari la shule, na mimi nimeambiwa nimpeleke kwa kipanya changu.

Nikiwa naye kituoni tunagombea daladala, simu ikaita. Mjomba, kutoka Muheza. Huko habari ilipitia kwa mama ikatoka kwa shangazi, na ile sehemu ya kompyuta ikabaki njiani.

"Hongera sana, mjomba. Mungu kakufungulia. Sasa hiki kipanya kinapiga njia ipi, na konda umeshapata?"

Leseni anayo. Anapanda basi la Alhamisi.