Mwacheni Lata amalize ubeti wake

Mimi ni dijei wa harusi za wanawake hapa Mombasa, zile shughuli za kupamba ambazo mwanamume haingii hata akiwa ameleta barafu. Nasema haya nikijua dhambi zangu: rimiksi za nyimbo za filamu za Kihindi nimezipiga mpaka spika zimezichoka, na kadhaa nimezitengeneza mwenyewe, usiku, watoto wamelala.

Kuna moja niliikata kutoka "Kaanta Laga" ya filamu ya Samadhi ya 1972. Sauti ni ya Lata Mangeshkar, muziki wa R.D. Burman. Tayari mwaka 2002 huko India walishauvalisha wimbo huu midundo ya disko ukavuma sana, nami nikataka wangu. Nikachukua kile kipande cha mwiba kumchoma mwanamwali chini ya mkunazi nyuma ya nyumba, nikakizungusha, nikakirudia, nikakitia besi ya kutikisa vikombe. Ukumbi ukajaa. Katikati ya raha hiyo bibi mmoja akaja mpaka mezani kwangu, buibui kalitupia begani, akaniinamia sikioni:

"Mwanangu, huyu Lata mbona humwachi akamaliza?"

Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, maana bibi alikuwa amegusa penyewe.

Nyimbo hizi zina mukhda, yaani kiitikio, na zina antara, yaani ubeti. Antara huondoka nyumbani: sauti inapanda, inazunguka huko juu, kisha inateremka taratibu mpaka inatua kwenye mukhda tena. Utamu wa kiitikio ni huko kurudi. Sisi wa rimiksi tunatupa antara kwa sababu haichezeki, tunabaki na mukhda mara kumi na mbili. Ni kumlisha mtu halua sahani nzima ukamnyima kahawa chungu. Kijiko cha nne kinamkinaisha.

Wapo wanaosema rimiksi ni uharibifu tu, nyimbo za zamani zisiguswe. Mimi simo. "Tamma Tamma" ya filamu ya Thanedaar, 1990, ilitokana na "Tama" ya Mory Kanté wa Guinea, ya 1987. Mwaka 2017 wakaifufua tena kwa filamu nyingine. Sasa hapo usafi uko wapi? Na Bally Sagoo, fundi wa rimiksi wa Birmingham, alipotoa albamu ya Bollywood Flashback mwaka 1994, aliichukua "Chura Liya", wimbo wa filamu ya Kihindi, akaiimbisha upya, akaitia besi ya rege, na wimbo ukabaki wimbo. Kwetu pia, mwimbaji wa taarab Juma Bhalo aliazima mahadhi ya filamu za Kihindi akayajaza mashairi ya Kiswahili, beti kamili, hakuna iliyokatwa shingo.

Kukopa si tatizo, ila mwenye mali atajwe. Mwaka 2002 wimbo mmoja wa Marekani, "Addictive", ulibeba sauti ya Lata kutoka filamu ya 1981 bila kumtaja mtunzi, Bappi Lahiri. Kesi ikafika mahakamani Los Angeles, ikaamuliwa albamu isiuzwe bila jina lake.

Niongeze la ufundi, maana ndilo linalonikera zaidi. Nyimbo zile zilirekodiwa na watu wamekaa chumba kimoja, fidla, ngoma ya dholak, filimbi, bila mashine ya kuwahesabia. Kasi inapumua. Ukibandika juu yake ngoma ya kompyuta isiyoyumba, ama ngoma iteleze, ama uubane wimbo mpaka mwimbaji asikike kama kafungwa mkanda. Halafu kuna pigo lenyewe. Keherwa na dadra ni mizunguko ya mapigo ya Kihindi. Keherwa ina mapigo manane, inakaa vizuri na disko. Dadra ina sita, na ukiilazimisha kwenye mdundo wa nne-nne unasikia wimbo unachechemea. Wimbo wa dadra mimi sasa nautia chakacha, ngoma yetu ya wanawake wa pwani. Chakacha nayo ni ya sita. Huhitaji kumvunja mtu mfupa.

Basi nikairudia ile "Kaanta Laga" yangu. Safari hii niliiacha antara ya kwanza nzima, ngoma nikaizima, nikabakisha sauti na vyombo vyake vya 1972. Niliipiga mara ya kwanza kwenye harusi nyingine, moyo unanidunda. Ngoma ilipokatika wasichana wakanitazama kama umeme umepotea. Wawili wakaenda zao kuchukua soda. Lakini kule kwenye viti vya nyuma akina mama wakaanza kuimba, Kihindi wasichokijua, neno kwa neno, vidole vinapiga mapaja. Lata akapanda, akazunguka, akaanza kushuka. Nikaweka kidole kwenye kitufe nikangoja. Kiitikio kilipotua na besi yake, wale wa soda walirudi mbio, chupa mkononi, mmoja kiatu kimemvuka.