Presha Zenu za Nini

Kwanza, yule mnayemwona kwenye ile video ya kivuko cha Likoni, Mombasa, inayozunguka kwenye simu zenu ndiye mimi. Hilo tulimalize hapa. Na nyinyi mliotumiwa ile sauti ya dakika tatu ya sahibu yangu, ati nilikuwa nimewekeana dau na watu, ati mwisho nililia: sikulia. Upepo wa feri unawasha macho, muulize yeyote anayekaa Likoni.

Ilikuwa Jumamosi. Shangazi anaingia Mwembe Tayari na basi la usiku kutoka Nairobi, na simu inalia saa kumi na moja na robo alfajiri. "Baba, nshafika. Niko na mizigo." Stima hakuna. Simu yangu ina chaji asilimia nne, tochi siwezi kuwasha. Nikapapasa kwenye kamba ya chumbani, mkono ukashika kitambaa cha pamba, nikajifunga, fulana juu, kandambili chini, huyoo. Wanaume wa Pwani mtanielewa, kikoi hakiangaliwi, kinafungwa tu. Wa bara mtauliza kwa nini sikuvaa suruali. Ulizeni, mna haki.

Ndani ya feri hakuna aliyeniambia kitu, maana tulibanana kama dagaa na kila mtu anaangalia kisogo cha mwenzake. Shida ilianza tulipogota upande wa kisiwani. Mnaujua ule mlima wa kutokea. Ukitangulia kuupanda, macho ya aliye nyuma yako yanakuwa sawasawa na makalio yako. Nami nilitangulia, kwa haraka ya shangazi. Watu zaidi ya 300,000 huvuka pale kwa siku, na naapa nusu yao walichagua feri yangu. Taa za kivukoni zinamulika kama uwanja wa mpira.

Nikasikia mtoto. Wale wa darasa la pili, wanaojua kusoma juzi juzi na kila kibao lazima wakitamke.

"Mu-me."

Mamake: "Nyamaza."

"Ni. Wa-ngu."

Nikacheka moyoni. Nikasema huyu mtoto anasoma leso, yaani kanga, ya mama fulani hapo mbele. Nikatazama mbele nimwone huyo mama. Mbele hakuna mama. Mbele kuna mkokoteni wa mitungi ya maji na jamaa anausukuma.

"Pre-sha."

Nikapiga hatua moja. Nyuma kumeingia ukimya usio wa kawaida, ukimya wa watu mia wanaobana pumzi.

"Ze-nu."

Hatua nyingine. Nikapeleka mkono nyuma pole pole, kama mtu anayetafuta pochi. Nikavuta pindo kuja mbele, nikainamisha kichwa. Kikoi kina mistari, jamani. Kikoi kina matamvua. Mimi nimeshika korosho. Korosho nyekundu, kubwa kama kiganja, zimejipanga pindo zima, na mji wake, ile sehemu ya katikati, wa manjano. Leso ya mke wangu, ile mpya.

"Za ni-ni!" akamaliza yule mtoto. Kisha, kwa furaha ya aliyefaulu mtihani, akairudia yote kwa pumzi moja: "MUME NI WANGU PRESHA ZENU ZA NINI!"

Mlima mzima ukaangua kicheko. Jamaa wa mkokoteni aliuachia mikono, mtungi mmoja ukabingirika kurudi baharini na hakuna aliyeufuata. Mimi kwa akili zangu nikaizungusha leso ili jina, yaani yale maandishi, lije mbele. Kosa. Sasa wakawa wanasoma wale wanaoteremka kuiwahi feri. Nikaizungusha ubavuni, jina likakaa nusu huku nusu huku, wa kushoto wanasoma MUME NI WANGU, wa kulia wanamalizia PRESHA ZENU, wanaitikiana kama kwaya.

Hapo ndipo kijana mmoja aliponisogezea simu usoni. "Kaka, hiyo staili yaitwaje?"

Ningesema nimekosea, yangeisha. Lakini mdomo wangu una adui zake. Nikanyanyua kidevu, nikasema, "Ndiyo iliyoko sasa hivi. Mtaivaa nyote."

Shangazi aliniangalia juu mpaka chini, akasoma, akarudia kusoma. Sikupewa hata salamu. "Mume mwenyewe ni nani, mwanangu, nimsalimie?" Wachukuzi wa Mwembe Tayari walibeba mizigo yake bure. Walisema wameshalipwa.

Mengine mnayajua. Adhuhuri niko kwenye kila simu. Jumapili vijana wa mpira wa Shelly wamejifunga leso juu ya kaptura. Jumatatu dereva wa tuktuk kaivaa, nyuma kaandika jina lilelile kwa rangi. Jumanne asubuhi vijana wawili wamebisha kwangu, wanataka niwafunze fundo.

Sahibu yangu, ambaye anasoma chuo na hajapata kunyamaza tangu aanze, akaja kunieleza nilichofanya. Kuna Mmarekani, Everett Rogers, ambaye mwaka 1962 aliwagawa watu mafungu kwa jinsi wanavyowahi au kuchelewa kupokea jambo jipya: wavumbuzi 2.5 kwa 100, wanaowahi kuwafuata 13.5, kisha 34 wa kati wa mbele, 34 wa kati wa nyuma, na 16 wa mkiani. "Wewe ni wa 2.5!" ananiambia, kama kwamba nimepata cheti. Kabla yake kulikuwa na utafiti wa 1943 kuhusu wakulima wa Iowa na mbegu za mahindi chotara. Habari waliletewa na wauza mbegu, lakini kilichowatia moyo wa kupanda ni kumwona jirani kapanda. Mimi nikawa hilo hindi.

Shangazi alikuwa anakula mahamri pembeni. "Huyo Mmarekani hata hakuwa amezaliwa," akasema. "Wanawake wa huku walinunua vitambaa vya Kireno vya mkononi vikiwa havijakatwa, sita sita. Wakakata tatu na tatu, wakazishona pamoja. Ndiyo leso hiyo. Nani aliwaambia? Na huyu wangu je, alimwambia nani? Giza." Kisha akaomba chai.

Jumanne hiyohiyo jioni, baba mkwe wangu, mzee wa miaka 71, alitokea barazani na leso, kaifunga kifuani. Jumatano asubuhi hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa nayo. Sahibu akasema Mjerumani mmoja, Simmel, alishaliandika hilo mwaka 1904, kwamba mtindo ukishashikwa na wale uliotaka kujitofautisha nao, unauacha. Simmel hakumwona baba mkwe wangu, lakini alimjua.

Mke wangu yeye hakutaka Mjerumani wala Mmarekani. Alitaka doti mpya, ileile, maana kipande kimoja kimezurura mjini na chenzake hawezi kukivaa peke yake. Leo tumekwenda naye Biashara Street, kule ambako leso zimeuzwa tangu enzi za Mali ya Abdulla, ile kampuni ya leso iliyoanza 1887. Yeye kasimama nyuma yangu, mkono kiunoni. Nikamuuliza muuzaji, kwa sauti ya chini, kama anayo ile ya presha.

"Iliisha juzi, kaka. Wanaume ndio walioimaliza," akasema huku akikunja kitambaa. "Si kuna mjinga mmoja wa Likoni alipanda nayo feri."