Daraja la Mompox na gharama ya ukimya

Daraja la Roncador, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, lilipoanza kutumika mwaka 2020 na kukiunganisha kisiwa cha Mompox na barabara za kaskazini mwa Kolombia, wapo waliohofia kwamba mji uliohifadhiwa na mto kwa zaidi ya karne moja sasa umeachwa bila kinga. Hofu hiyo ina msingi. UNESCO, ilipouingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1995, ilitaja kuwa majengo yake mengi bado yanatumika kwa kazi zilizokusudiwa tangu awali. Watalii wakifurika, nyumba ya familia hugeuzwa hoteli kabla halmashauri haijamaliza kikao.

Lakini wanaousifu upweke wa Mompox wanasahau ulikotokea. Wahispania waliujenga mji huu mwaka 1540 kando ya mto Magdalena ili upitike: shehena kati ya bandari ya Cartagena na miji ya bara zilipita hapo, katika mashua zilizosukumwa na wenyeji wa asili na baadaye na Waafrika waliotiwa utumwani, ambao jasho lao halitajwi vya kutosha pale uzuri wa makanisa unapohesabiwa. Mwaka 1812 Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru dhidi ya Hispania, alipata hapo wapiganaji wapatao 400. Kisha mto, ambao hapo hugawanyika mikono miwili, ukapeleka maji yake mengi upande wa mkono wa Loba, mkono wa Mompox ukajaa mchanga, na biashara ikahamia mji wa Magangué, kwenye mkono huo wa Loba. Ukimya unaopendwa na wageni ulianza siku meli zilipoacha kutia nanga, na wenyeji hawakuuchagua.

Gharama yake wameilipa wao. Kabla ya daraja, aliyetoka Magangué alingoja kivuko, na kivuko kina ratiba. Mgonjwa na mwenye samaki mbichi hawana. Mtalii husubiri mara moja na kuiita safari ya kukumbukwa, ilhali mkaazi alisubiri maisha yake yote.

Mtazame sonara wa Mompox akifanya kazi. Huvuta uzi wa dhahabu au fedha kupitia matundu ya kibao cha chuma, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka uwe mwembamba kama unywele. Kisha husokota nyuzi mbili pamoja, huzilaza bapa, na kuzijaza kwa koleo ndani ya umbo la ua. Ufundi huu ulistawi kwa sababu madini na wanunuzi walipita mlangoni, na kijana atakayeurithi anahitaji wanunuzi hao hao.

Kwa hiyo ulinzi unaofaa ni ule wa sheria za ujenzi na matumizi ya nyumba za mtaa wa mtoni: nani anaruhusiwa kuzigeuza, na ni ngapi zibaki makaazi. Hayo yapangwe na kusimamiwa pamoja na watu wa Mompox wenyewe, ambao sasa wanaweza kwenda Magangué na kurudi bila kungoja kivuko.