Besi ya Masato Nakamura ndani ya Sonic

Masato Nakamura anapotajwa nje ya Japani, aghalabu husemwa kuwa ni mwanamuziki maarufu wa pop aliyepita tu kwenye michezo ya video: alitunga muziki wa Sonic the Hedgehog mwaka 1991 na wa Sonic the Hedgehog 2 mwaka 1992, kisha akarudi kwenye bendi yake. Miaka hiyo ni sahihi, lakini neno "aliyepita" linaniudhi, kwa sababu linaifanya kazi ile ionekane kama kibarua cha pembeni. Naamini nyimbo zile zimedumu kwa kuwa zilitungwa na mpiga gitaa la besi ambaye wakati huohuo alikuwa akiandika nyimbo za kuimbwa na taifa zima.

Nakamura alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa Ito, mkoani Shizuoka. Pamoja na mwimbaji Miwa Yoshida na mpiga kinanda Takahiro Nishikawa, aliunda Dreams Come True, bendi iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989. Albamu yao ya The Swinging Star, iliyotoka Novemba 1992, mwezi uleule wa Sonic 2, iliuza zaidi ya nakala milioni 3 nchini Japani.

Ili kuelewa ugumu wa alichokifanya, ni lazima kuifahamu mashine yenyewe. Chipu kuu ya sauti ya Mega Drive, mashine ya michezo ya kampuni ya Sega iliyochezewa Sonic, ilitengenezwa na Yamaha na ilikuwa na chaneli (njia za sauti) sita tu, na moja kati ya hizo ilitumika kwa ngoma zilizorekodiwa. Chipu ya pili, iliyo dhaifu zaidi, iliongeza sauti tatu nyembamba na moja ya mvumo. Isitoshe, chaneli hizohizo ndizo zilizobeba milio ya mchezo, hivyo kila Sonic, mhusika mkuu, anapookota pete, mlio wa pete huunyang'anya muziki chaneli kwa kitambo kifupi na sauti mojawapo ya wimbo hunyamaza. Katika mchezo ambao pete huokotwa kwa makumi, mtunzi anayetegemea kurundika vyombo vingi angeishia na wimbo uliojaa matundu. Nakamura alitegemea vitu viwili ambavyo sikio haliviachi kirahisi, yaani kiitikio kinachoweza kuimbwa kwa mluzi na besi yenye hoja yake yenyewe.

Sikiliza Chemical Plant Zone, wimbo wa hatua mojawapo ya Sonic 2. Besi ndiyo inayokimbia pale, ikikata na kuruka kama vidole vya mtu aliyezoea nyuzi nne, huku sauti za juu zikiifuata. Bahati njema ni kwamba chipu ile ya Yamaha, ambayo wengi huilaumu kwa ukavu wa sauti zake, ilikuwa hodari mno katika besi. Ukitoka hapo nenda Star Light Zone ya mchezo wa kwanza, uone jinsi mtu yuleyule anavyotulia: ni wimbo wa usiku wa mjini, na kwangu ndio bora kuliko Green Hill Zone, wimbo wa hatua ya kwanza ya mchezo huo, unaosifiwa na kila mtu. Melodia ya kufungia Sonic 2 ilikuwa pia wimbo wa Sweet Sweet Sweet ndani ya The Swinging Star. Melodia ile haikuhitaji kutafsiriwa kutoka "muziki wa gemu" kwenda "muziki wa kweli".

Jambo jingine ninalomheshimia ni hakimiliki. Katika zama ambazo watunzi wengi wa michezo nchini Japani walikuwa waajiriwa, baadhi yao wakitajwa kwa majina ya bandia tu, Nakamura aliandikwa kwa jina lake kamili na haki za tungo zake zikabaki kwake. Wapo mashabiki wanaonung'unika kwamba mkusanyiko rasmi wa muziki wa michezo hiyo miwili haukutoka hadi mwaka 2011, miaka 20 baada ya Sonic wa kwanza. Nawaelewa, lakini siungani nao, kwani mwenye mali kuamua juu ya mali yake si kosa.

Mkusanyiko huo wa diski tatu una pia rekodi zake za majaribio, alizozitunga kwa kompyuta kabla wataalamu wa Sega hawajazihamishia kwenye chipu. Humo hakuna pete inayookotwa, na hakuna sauti inayonyamazishwa. Green Hill Zone inatiririka mwanzo hadi mwisho, na chini yake besi inasikika kila nota.