Ubongo wa taa za barabarani ukae wapi?

Anayesanifu mfumo wa kuongoza magari huulizwa jambo moja kabla hajanunua kamera hata moja: nani aamue taa ibadilike lini? Kompyuta kuu inayouona mji mzima, au kisanduku kilichosimama pale pale kwenye makutano?

Mifumo miwili ya miaka ya 1970 ilijibu kila mmoja kivyake. SCOOT ya Uingereza ilielemea kituo kikuu: vitambuzi vilivyofukiwa chini ya lami hupeleka hesabu ya magari huko, nako sekunde chache huongezwa au kupunguzwa. SCATS ya Sydney iligawa kazi. Kompyuta ya eneo hupanga mzunguko wa taa, kisanduku hurekebisha kwa kutazama magari yaliyo mbele yake.

Watetezi wa kituo kikuu wana hoja nzito. Makutano yakijiamulia peke yake, humaliza foleni yake kwa kuisukumia jirani. Dereva kupata kijani mfululizo kunataka taa zote zifuate saa ile ile.

Lakini mawasiliano hukatika, na huingiliwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa ruhusa ya mamlaka husika, waliingia kwenye mfumo halisi wa taa kupitia redio zisizosimbwa (yeyote aweza kusoma zinachotuma) na nywila zilezile za kiwandani. (Nywila za kiwandani, barabarani!) Waliweza kubadilisha taa. Hawakuweza kuwasha kijani pande mbili zinazokinzana, maana kifaa kinachozuia hilo kimo ndani ya kisanduku na hakipokei amri ya mtandao. Kwangu hilo linatosha: mpango utoke juu, usalama ubaki chini.

Linaloniumiza kichwa ni ubongo wa tatu, ulio mfukoni mwa dereva. Mwaka 2018 mji mdogo wa Leonia, New Jersey, uliwafungia wasio wakazi mitaa yake mingi saa za msongamano, kwa kuwa programu za ramani zilikuwa zikimimina humo magari yanayokimbilia daraja la George Washington, la kuingilia New York. Kila dereva alifuata njia iliyomfaa yeye, kama makutano yale yasiyomjali jirani.

Wapo wanaotaka mamlaka zifiche data kwa sababu hiyo. Sikubaliani nao; programu zitaendelea kukisia kwa mwendo wa simu tu, bila kujua barabara ipi itafungwa kesho. Afadhali zipewe mpango wa taa na orodha ya mitaa isiyofaa kupitisha foleni. Ugumu ni kuwa hakuna kinachozilazimisha kuifuata, na hapo mhandisi hana dawa. Kazi ni ya mtunga sheria.