Dada, Kansel Tuelewane

Alhamisi iliyopita nilikuwa Njiro, Arusha, mvua imeshika, mkungu wa ndizi miguuni, na bajaji niliyoita kwa programu ya simu ikaja upesi. Sijakaa vizuri, kijana akageuka: "Dada, kansel tuelewane."

Yaani nifute safari kwenye programu, tupatane bei pembeni. Nikachukia. Simu inasema 4,000, yeye anataka 5,000, halafu nikikataa mimi ndiye mchoyo!

Tukaelewana (mvua haina ubishi). Njiani hadi Kilombero akanipigia mahesabu yake: mafuta, hesabu ya bosi kila jioni, kisha robo ya nauli inakwenda kwa wenye programu, watu ambao hajawahi kuwaona. Tena wiki mbili nyuma walimfungia akaunti siku 3 kwa malalamiko ya abiria. Abiria gani? Kosa gani? Hakuambiwa. Aliandika kujitetea, akajibiwa na mashine, kwa Kiswahili ambacho hata mashine yenyewe isingekielewa.

Hapo hasira yangu ikahamia kwingine.

Kijiwe cha bodaboda cha kwetu Sakina kina mwenyekiti, katibu, daftari, faini ya kugombana na mchango wa msiba. Mama aliwahi kusahau mkoba kwenye pikipiki. Kabla ya saa mbili usiku ulikuwa mezani kwetu, kwa sababu mwenyekiti alijua nani kambeba. Dereva akionewa pale, anajua nani wa kumfuata, na anajua anakokaa. Waliosoma wanaita mambo haya mtandao usio na mmiliki mmoja. Sisi tunaita kijiwe, na tunacho tangu zamani. Kinachokosekana ni programu tu, nayo iwe mali ya wanaoendesha. Kwa sasa kijana analeta chombo, analeta mafuta, analeta mgongo wake, na orodha ya wateja anaishika mwingine. Siku akifungiwa anaanza upya kama mgeni mjini, hata awe amebeba watu miaka 5.

Msiniambie serikali itapunguza makato. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma, ikarudi mwaka uliofuata baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Nani alimbembeleza nani pale?

Na msiniambie haiwezekani. Bengaluru, India, madereva wa bajaji kupitia chama chao waliunga mkono programu ya Namma Yatri, iliyoanza 2022. Haikati kamisheni. Abiria anamlipa dereva moja kwa moja, na mwaka 2023 dereva aliweza kulipia rupia 25 kwa siku akafanya safari anazotaka. Seva hailipwi kwa salamu, sawa, lakini mchango wa siku ni kitu ambacho vijiwe vyetu vinakusanya bila hata kompyuta.

Wale wa sarafu za kidijitali waniwie radhi. La'Zooz ya Israeli, programu ya usafiri yenye sarafu yake ya kidijitali, ilikuja na ndoto hiyo ya mtandao usio na mmiliki mmoja tangu 2014, na dereva wa Kilombero bado anataka hela ya kununulia mafuta.

Nakiri jambo moja, kwa shingo upande. Kabla ya programu hizi, teksi za Mnara wa Saa zilikuwa zinakutazama viatu kwanza ndipo zitaje bei. Na usiku, kumtumia dada yangu jina la dereva na namba ya gari kumenipa usingizi mara nyingi. Basi hayo yabaki, bei ijulikane na jina lijulikane. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji robo ya jasho la mtu.

Tulipofika Kilombero nikamsevu: Bajaji Njiro. Jana nikampigia moja kwa moja, kumbe yuko Tengeru. "Subiri hapo hapo dada, namtuma mwenzangu." Dakika 10 baadaye bajaji ikasimama getini, kijana mwingine akachungulia na kuniuliza kama mimi ndiye dada wa ndizi.