Neno "Hold" Lilivyonitia Mikononi mwa Majambazi

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza mkoani Tanga hadi mvi zikamjaa kichwani, na alipokuja kututembelea Leicester alibeba kamusi yake ya zamani, ambayo jalada lake limeshonwa kwa uzi wa viatu. Husema kwamba maneno marefu ya Kiingereza hayamsumbui hata kidogo. Anayoyaogopa ni yale mafupi, ambayo yakishapata mwenza hubadilika tabia. Hupenda kukumbusha kwamba katika toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, neno lililopewa maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", lenye herufi tatu tu. Lililotuponza sisi lina herufi nne.

Ilikuwa kiangazi, nami nilikuwa narudi kutoka London na mwenzangu wa kazi, Mwingereza mpole sana. Treni ilitoka St Pancras bila tatizo, ikafika Kettering, ikagoma. Tulitangaziwa kwamba jua limekuwa kali mno. Reli za Uingereza hutandikwa zikiwa zimewekwa sawa kwa joto la nyuzi 27, na kwa kuwa chuma kilichoanikwa juani huweza kuipita hewa kwa nyuzi kama 20, siku za joto kali reli hutanuka na huweza kupinda. Simu yangu ilikuwa imezima kwa kukosa chaji, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu atume ujumbe nyumbani, kisha nikaenda behewa jingine kupanga foleni ya chai. Yeye, kwa uungwana wake, aliona ujumbe hautoshi, akapiga.

Aliyepokea ni mjomba. Mwenzangu alimweleza kwamba nimekuwa "held up" huko Kettering, maneno ambayo Mwingereza huyatamka kila siku akiwa na maana ya kucheleweshwa tu. Kamusi ya mjomba, hata hivyo, ilitanguliza maana iliyoletwa na wanyang'anyi wa Marekani wa karne ya 19, waliokuwa wakisimamisha magari ya farasi na kuwaamuru abiria wanyooshe mikono juu. Mjomba akauliza, sauti ikimtetemeka, kama ni mzima. Mwenzangu akacheka kidogo, kicheko ambacho hajasamehewa mpaka leo, akajibu: "He's holding up." Alitaka kusema kwamba ninavumilia. Mjomba alielewa kwamba mikono yangu ingali juu.

Hapo ikapita sauti ya tangazo jingine, mwenzangu akasema "hold on" ili asikilize, na mjomba, aliyedhani anaambiwa ashikilie, akaikamata simu kwa mikono miwili. Jambo la mwisho aliloambiwa ni "don't hold dinner for him", yaani msinisubiri kwa chakula cha jioni.

"Basi hapo nikajua yamekwisha," alinisimulia baadaye. "Mtu ukishaambiwa usimwekee chakula, unabaki kuuliza nini tena?"

Mke wangu alikuwa kazini, kwa hiyo hapakuwa na wa kumzuia asiandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nilifika nyumbani kwenye saa kumi na mbili jioni, nikamkuta amekaa ukumbini na kamusi mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu wa kushoto. "Saa wamekuachia?"

Nilimweleza habari ya reli na jua, akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi anayedai daftari lake limeliwa na mbuzi. Nyuzi 27, alisema, Tanga huzipata kabla ya chai ya asubuhi, na katika ujana wake treni ilikuwa ikienda. Ikabidi tuifungue kamusi. Maana ya kuchelewesha ilikuwepo, ya pili, chini kabisa ya ukurasa. Mjomba aliisoma taratibu, akavua miwani, akatoa hukumu kwamba kosa ni la mwenzangu, kwa kuwa alipaswa kutaja anatumia maana ya ngapi.

Tulipompigia shangazi, ambaye ndiye mhazini wa ukoo, Tanga ilikuwa imeshatimu saa mbili usiku. Nyuma yake niliona masufuria mawili makubwa, majirani waliojitanda kanga, na mzee aliyekuwa akimalizia dua ya kuniombea. Michango ilikuwa imeshapitishwa na mbuzi wa sadaka alikuwa ameshachinjwa. Shangazi alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akawageuzia wageni simu wanione, wakanipungia mikono huku wakiendelea kula. Kisha akajitenga pembeni, akapunguza sauti, akaniarifu kwamba michango haikufikia bei ya mbuzi, na kwamba wazee wamekubaliana salio hilo nililipe mimi, kwa kuwa ndimi niliyenusurika.